Jedwali la njia linakaribia milioni moja: mbona intaneti haijaanguka?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili ya mitandao ya kompyuta na natafuta mada ya tasnifu. Nimesoma kwamba ruta kubwa za intaneti, yaani vifaa vinavyoamua data ipite wapi, hubeba njia karibu milioni moja kwenye jedwali lao, na kwamba tangu 2006 wataalamu walikuwa wakionya kuwa uelekezaji hautahimili ukuaji huo. Mbona intaneti bado ipo na inazidi kukua? Walikosea? Na kama tatizo lilikwisha, nitafiti nini kuhusu uelekezaji, topolojia (umbo la mtandao) na uwezo wa mtandao kukua? Msimamizi wangu ananishauri nilinganishe itifaki za uelekezaji za OSPF na EIGRP kwenye simuleta. (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Marahaba. Hapo umeuliza maswali mawili. Nitaanza na lile la kuanguka kwa intaneti, maana mada unayoitafuta imejificha humo.

Onyo unalolitaja lilitoka Amsterdam, kwenye mkutano wa siku mbili ulioitishwa Oktoba 2006 na Bodi ya Usanifu wa Intaneti, IAB. Ripoti yake ilitoka mwaka uliofuata kwa jina la RFC 4984. Wakati ule ruta za katikati, zile zisizo na njia ya chaguo-msingi ya kukimbilia, zilibeba maingizo takriban 200,000 ya IPv4, mfumo wa zamani wa anwani. Sasa yako karibu milioni moja, na ya IPv6, mfumo mpya, yamevuka 200,000. Kwa hiyo juu ya ukuaji hawakukosea. Ila ripoti ile ilikuwa na hofu mbili ambazo wanafunzi wengi huzichanganya: kwamba jedwali litanenepa, na kwamba masasisho ya kulibadilisha yatakuja kwa kasi inayozidi nguvu ya ruta kuyachakata. La kwanza limetokea. La pili halikutokea kwa kiwango kilichohofiwa, na hilo ndilo lenye utamu.

Unene tuumalize upesi. Agosti 12, 2014 jedwali lilivuka maingizo 512,000, baada ya Verizon kutangaza kwa muda mfupi vipande vya ziada kama 15,000 vya anwani zake. Ruta za zamani za Cisco, hasa familia za 6500 na 7600, zilikuwa zimetenga nafasi ya kiasi hicho hicho katika TCAM, ile kumbukumbu ya bei mbaya inayotafuta anwani kwa mpigo mmoja. Ilipojaa, njia zilizokosa nafasi zikaangukia prosesa ya kawaida, na huduma zikayumba sehemu mbalimbali za dunia. Dawa ilikuwa inajulikana tangu kabla: amri moja ya kugawa upya kumbukumbu kati ya IPv4 na IPv6, kisha kuwasha ruta upya. Unene wa jedwali, basi, umekuwa suala la pesa na matunzo. Wenye pesa walinunua ruta mpya, wasio nazo walichuja njia na kuweka ya chaguo-msingi.

Kinachonifurahisha zaidi ni sababu ya unene wenyewe. Karani wa posta hapo Mbeya akipokea barua ya S.L.P. ya Tanga, hana haja ya kujua mtaa wala jina la mwenye sanduku. Anaitupa kwenye mfuko wa Tanga, basi. CIDR ilileta utaratibu huo kwenye intaneti mwaka 1993: anwani nyingi zikakunjwa ndani ya tangazo moja. Sasa chukua kampuni iliyohamia Dodoma na sanduku lake la Tanga, halafu ikataka barua zake zipite pia Arusha iwapo barabara ya Dodoma itafungwa. Kila karani nchini atalazimika kuandika sanduku hilo peke yake kwenye daftari lake. Benki yenye anwani zake na watoa huduma wawili hufanya hivyo hivyo: faida ni yake, daftari ni la ruta zote duniani. Tena hatozwi mtu.

Hofu nayo imechangia. Februari 24, 2008 Pakistan Telecom ilitaka kuizuia YouTube ndani ya Pakistan, ikatangaza 208.65.153.0/24 (namba ya baada ya mkwaju ikiwa kubwa zaidi, kipande cha anwani ni kidogo zaidi), na tangazo likavuja nje kupitia mtoa huduma wake, PCCW. YouTube ilikuwa imetangaza 208.65.152.0/22, yaani anwani 1,024; lile la Pakistan lilikuwa la anwani 256 zilizomo ndani yake. Kwa kanuni ya uelekezaji, tangazo finyu zaidi hushinda, halali lisiwe halali. Trafiki ya dunia ikamiminika Pakistan kwa takriban saa mbili. Ili kujinasua YouTube nayo ililazimika kutangaza /24, kisha /25 mbili. Wahandisi wengi walijifunza hapo kwamba kutangaza vipande vidogo ni kinga, na kwa kuwa /24 ndicho kipande kidogo kinachokubalika karibu kila mahali, leo zaidi ya nusu ya jedwali la IPv4 ni /24.

Sasa nadharia, na hapa usiruke mstari. Mwaka 1977 Leonard Kleinrock na Farouk Kamoun walionyesha kwamba ukiupanga mtandao kwa ngazi, vikundi ndani ya vikundi, kila ruta inaweza kubaki na maingizo takriban e × ln N badala ya N, ambapo N ni idadi ya nodi, yaani ruta zote za mtandao, na ln ni logi asilia. Weka N iwe milioni moja: ln yake ni 13.8, zidisha kwa 2.72, unapata chini ya 40. Arobaini badala ya milioni! Bei ya ngazi ni njia kurefuka, kwa kuwa pakiti, kile kipande cha data kinachosafiri, hupanda hadi mlango wa kikundi ndipo ishuke, hata kama anayetafutwa yuko ukuta wa pili. Kleinrock na Kamoun walithibitisha kuwa urefu huo wa ziada hauna madhara mtandao unapokuwa mkubwa sana, lakini kwa sharti la umbo: njia zenyewe ziwe ndefu na zizidi kurefuka mtandao unavyokua. Intaneti haiko hivyo. Kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kwa kawaida unavuka mitandao minne au mitano tu. Ongeza hatua mbili kwenye safari ya hatua nne, umeongeza nusu ya safari. Hesabu ni sahihi, ila mtandao inaouzungumzia sio huu wetu. Ndiyo maana nakuambia topolojia si pambo la sura ya pili ya tasnifu; inaamua ni hesabu gani inakuhusu.

Wanahisabati hawakukata tamaa. Mwaka 2001 Mikkel Thorup na Uri Zwick walitoa mpango ambao njia haizidi mara tatu ya ile fupi kabisa, huku jedwali la kila nodi likikua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha N, ukiacha vigezo vidogo vya logi. Kwa nodi milioni moja tunazungumzia maelfu machache. Mwaka 2004 Dmitri Krioukov, Kevin Fall na Xiaowei Yang waliujaribu mpango huo kwenye grafu (michoro ya nodi na viungo) zinazofanana na intaneti, wakakuta jambo la kushangaza: ule mpango uliotishia kurefusha njia mara tatu uliirefusha kwa wastani wa asilimia 10 hivi tu. Umbo lile lile lililoharibu hesabu ya 1977 likawa rafiki wa hesabu hii.

Kisha ikaja ndoo ya maji baridi. Mwaka 2007 Krioukov, kc claffy, Fall na Arthur Brady waliandika kwamba matokeo hayo mazuri yanahusu mtandao uliotulia. Kiungo kikikatika au kikiongezwa, inabidi lebo (anwani maalumu ambazo mpango huo huzipa nodi) na majedwali yarekebishwe, na kwenye topolojia za aina ya intaneti idadi ya ujumbe wa marekebisho haiwezi kushushwa kama ukubwa wa jedwali unavyoshushwa. Unaweza kufanya daftari kuwa dogo, lakini habari za mabadiliko zitaendelea kubisha hodi kila mlango. Kwangu mimi hiyo ndiyo makala muhimu kuliko zote katika eneo hili, ingawa haina mchoro hata mmoja wa kuvutia wa kuweka kwenye slaidi.

Kwa hiyo tuangalie mabadiliko. BGP, itifaki ambayo mitandao huitumia kuambizana njia, haimpi jirani ramani. Humpa orodha ya mitandao ambayo njia inapita. Njia ikifa, ruta hugeukia mbadala uliotajwa na jirani, ambao huenda nao umekufa ila habari haijafika, kisha mwingine mrefu zaidi, na mwingine, hadi orodha zote za uongo ziishe. Kuna pia kipima muda cha kusubiri kati ya tangazo na tangazo, ambacho thamani yake iliyopendekezwa ni sekunde 30. Craig Labovitz na wenzake walipima jambo hili wakachapisha mwaka 2000: kuhamia njia mbadala kulichukua wastani wa dakika tatu, na mara nyingine mtikisiko uliendelea hadi dakika 15. Ukichanganya hilo na jedwali linalokua mara tano, ungetarajia ruta zizame. Hazikuzama. Geoff Huston wa APNIC, msajili wa anwani za intaneti wa Asia-Pasifiki, anayefuatilia jedwali hili kwa miaka mingi, na watafiti kama Ahmed Elmokashfi, Amund Kvalbein na Constantine Dovrolis walikuta masasisho yakiongezeka polepole kuliko jedwali. Sehemu ya maelezo ni kwamba mitandao mipya haijipangi kwa mnyororo. Hujibandika karibu na mikubwa au kwenye vituo vya kubadilishana data, kwa hiyo urefu wa njia umekaa pale pale na mbadala za uongo za kujaribu ni chache. Tena kelele nyingi hutoka kwa wachache wanaoyumba mfululizo.

Ndani ya kituo cha data hadithi ni nyingine kabisa, na nitaipita haraka. Pale umbo unalichagua mwenyewe. Kwa mpango wa Al-Fares, Loukissas na Vahdat wa 2008, swichi za milango 48 zote za aina moja zinakupa nafasi ya seva 27,648, na uelekezaji unakuwa mwepesi kwa sababu umbo limenyooka. Ni eneo zuri, lakini makampuni yenye vituo vya data halisi yamekutangulia mbali, na data zao hupewi.

Turudi kwenye umbo la intaneti, kwa sababu humo ndimo wengi wanapoteleza. Mwaka 1999 ndugu watatu wa Kigiriki, Michalis, Petros na Christos Faloutsos, walitoa makala iliyosema kwamba idadi ya viungo kwa kila nodi ya intaneti hufuata sheria ya vipeo: wachache wana viungo vingi mno, wengi mno wana vichache. Mwaka uliofuata wanafizikia wakahitimisha kwamba mtandao wa namna hiyo hustahimili hitilafu za bahati nasibu lakini huvunjika ukishambuliwa vinara wake. Ilipendeza sana. Halafu mwaka 2003 Anukool Lakhina, John Byers, Mark Crovella na Peng Xie walichukua grafu za kubahatisha zisizo na sheria yoyote ya vipeo, wakazichora kwa namna ya traceroute (programu inayoorodhesha ruta ambazo pakiti inapitia) kutoka vituo vichache, na sheria ya vipeo ikajitokeza kwenye mchoro! Ala ya kupimia ndiyo iliyoichora. Mwaka mmoja baadaye Lun Li, David Alderson, Walter Willinger na John Doyle walieleza upande wa uhandisi: ruta yenye milango mingi haina kasi kubwa kwa kila mlango, kwa hiyo zile zenye viungo vingi hukaa pembezoni zikikusanya wateja, na katikati kuna chache zenye viungo vichache vinene. Kinara wa kushambulia pale katikati hayupo kama ilivyochorwa.

Kwenye ngazi ya mitandao yenye namba za AS, yaani mitandao mizima inayojiendesha kama ya mtoa huduma au benki, kasoro ya ramani ni ya aina nyingine. Mitandao miwili inayobadilishana trafiki bila kulipana haitangazi kiungo hicho kwa kila mtu. Kila mmoja huwaambia wateja wake tu, maana hana sababu ya kumbebea jirani mzigo bure. Kwa hiyo mtambo wa kukusanya njia ulioko Oregon hauwezi kuona kiungo cha watoa huduma wawili wadogo wa Dar es Salaam, isipokuwa mmoja wa wateja wao wa chini aupe habari. Watafiti waliochungulia ndani ya kituo kimoja kikubwa cha Ulaya mwaka 2011, chenye wanachama kama 400, walikuta humo viungo vya aina hii vingi kuliko vyote vilivyokuwa vinajulikana kwa intaneti nzima hadi mwaka uliotangulia. Fikiria basi ramani zetu za Afrika Mashariki zilivyo.

Sasa tasnifu yako. Kulinganisha OSPF na EIGRP kwenye simuleta yenye ruta nane ni zoezi la maabara. Matokeo unayajua kabla hujawasha kompyuta, na rafu za maktaba zetu zimejaa kazi hiyo. Lakini usiende kumwambia msimamizi wako kwamba mada yake imechakaa. Mpelekee ukurasa mmoja wenye swali lingine, na data mkononi.

Swali ningelikupa hili: taasisi ya Tanzania yenye watoa huduma wawili hupata uhakika kiasi gani kwa ule wa pili? Tumeona dunia inavyolipia watoa huduma wawili kwa ingizo la ziada kwenye kila jedwali. Kwenye grafu ya AS, taasisi hiyo ina njia mbili zinazoonekana kuwa huru. Chini ya maji njia zote mbili zinaweza kuwa ndani ya mkongo mmoja. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika upande wa kusini, wakati mikongo ya Bahari ya Shamu nayo ilikuwa imeharibiwa tangu Februari, Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Nani alibaki hewani kwa sababu mtoa huduma wake wa pili alipita kwingine kweli, na nani alikuwa na wawili kwenye karatasi tu? Hapo uelekezaji, topolojia na gharama ya ukuaji vinakutana katika jambo moja linaloweza kupimwa.

Data ipo, tena bure. RouteViews ya Chuo Kikuu cha Oregon ina mtambo wake kwenye kituo cha kubadilishana data cha KIXP, Nairobi, na kumbukumbu za masasisho hupakuliwa. RIPE Atlas ina vifaa vidogo vya kupimia vilivyowekwa majumbani na maofisini, na vipimo vyake vingi viko wazi. Chukua siku chache kabla na baada ya Mei 12, tafuta namba za AS za Tanzania zenye watoa huduma wawili, tazama ni zipi zilitoweka, zipi zilihama na zilichukua dakika ngapi kutulia. Wasome kwanza Arpit Gupta na wenzake wa 2014, na Rodérick Fanou na wenzake wa 2015, waliopima jinsi trafiki ya Mwafrika kwenda kwa Mwafrika ilivyokuwa ikizungukia Ulaya.

Kwenye traceroute uwe makini. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Dar es Salaam hadi Nairobi, hata faiba ikizunguka hadi kilomita 1,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 10 na kidogo ya ziada. Ukiona 200, pakiti imetembea: Ulaya kwa mkongo ni zaidi ya kilomita 10,000 kwa upande mmoja, na ukiifuata mara nne (pakiti kwenda Ulaya na kushuka Nairobi, kisha jibu kurudi vivyo hivyo) hesabu inafika hapo hapo. Hili si jambo la kubuni. Ripoti ya Internet Society ya 2012 ilieleza kwamba KIXP ilishusha ucheleweshaji wa trafiki ya ndani ya Kenya kutoka milisekunde 200 hadi 600 hadi kufikia 2 hadi 10. Lakini ukiona hatua ya sita inasema 180 na ya saba inasema 12, usiandike kwamba hatua ya sita iko London. Ruta nyingi hujibu traceroute zikipata nafasi, na wakati unaousoma ni wa jibu, sio wa pakiti zinazopita. Angalia kama ongezeko linabaki hadi mwisho. Njia ya kurudi nayo huenda si ile ya kwenda, na upande mmoja hautakuonyesha, kwa hiyo omba vipimo vya pande zote mbili. Majina ya ruta yenye vifupisho vya miji husaidia, ila hubaki yale yale hata kifaa kikihamishwa, na hifadhidata za mahali anwani zilipo hukosea sana kwa anwani za ruta. Kasi ya mwanga haikosei. Itumie kukataa majibu yasiyowezekana.

Sehemu ngumu itakuwa kujua mtoa huduma yupi yuko kwenye mkongo upi, maana mikataba hiyo ni siri. Usianze kwa kuwaomba watoa huduma. Anza na kukatika kwenyewe: njia zilizokufa katika dakika ile ile zina kitu kimoja zinachokitegemea, na ukikusanya matukio kadhaa ya miaka tofauti utaweza kuzigawa katika makundi bila kuona mkataba wowote. Kisha nenda kwa wahandisi wawili watatu na makundi yako, uwaulize wapi umekosea. Mhandisi asiyekubali kukujazia dodoso hawezi kuvumilia kuliona kosa kwenye mchoro wa mtandao wake akaliacha.